UCHAMBUZI: Baka ndani ya jicho lahitaji rekodi, si hofu

KAMERA za kupiga picha sehemu ya ndani ya jicho, ambazo zamani zilipatikana katika hospitali chache kubwa nchini, sasa zinaonekana katika kliniki za kisukari na hata katika baadhi ya maduka ya miwani mijini. Haya ni maendeleo yanayostahili pongezi, kwa kuwa upofu unaoletwa na kisukari au glakoma mara nyingi huweza kuzuiwa iwapo ugonjwa utagunduliwa mapema.

Hata hivyo, kila chombo kipya huja na maswali yake. Mgonjwa aliyekwenda kupimwa athari za kisukari huweza kuambiwa ghafla kwamba nyuma ya jicho lake kuna baka jeusi. Baka hilo halimwumi, anaona vizuri, na hakuwahi kujua kwamba lipo. Aondokapo kliniki, mara nyingi huwa ama amejawa na hofu kwamba ana saratani, ama ameambiwa kuwa hilo si kitu, aende zake nyumbani.

Majibu yote mawili yana kasoro moja: yametolewa kabla ya swali kuulizwa vyema. Baka hilo lina uwezekano gani wa kuwa saratani? Na ni nani atakayelitazama tena ili kujua iwapo limebadilika? Swali la kwanza sayansi imelijibu kwa kiwango cha kuridhisha. La pili ni la mfumo wetu wa afya, na hapo ndipo tunapopwaya.

Baka ni nini?

Melanini, ile rangi inayoipa ngozi na nywele weusi wake, hupatikana pia ndani ya jicho, hasa katika tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina. Chembechembe zinazoitengeneza rangi hiyo zikijikusanya mahali pamoja hufanya baka, kama zifanyavyo katika ngozi. Mabaka mengi ya aina hii huishi na mwenyewe hadi uzeeni bila kumdhuru.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2015, ambao ulichunguza picha za macho ya watu wazima 5,575, ulibaini kwamba asilimia 4.7 kati yao walikuwa na baka la namna hiyo. Miongoni mwa wazungu kiwango kilikuwa asilimia 5.6, na miongoni mwa weusi asilimia 0.6 pekee. Makadirio mengine, yaliyotolewa mwaka wa 2005 kuhusu wazungu wa Marekani, yalionyesha kwamba ni baka moja tu kati ya takriban 8,800 linalogeuka kuwa saratani kila mwaka.

Saratani yenyewe huitwa melanoma. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka huo huo wa 2005 zilionyesha kwamba kila mwaka huwapata watu sita hivi katika kila wazungu milioni moja, ilhali miongoni mwa weusi haimfikii hata mtu mmoja katika kila milioni. Kwa hivyo, Mkenya aliyeambiwa ana baka ana sababu nzuri ya kutulia.

Kutulia, lakini, si kupuuza. Melanoma ya jicho inapokuwapo ni ugonjwa hatari. Takriban nusu ya wanaougua hatimaye hupatwa na saratani iliyosambaa mwilini, na mara nyingi kiungo kinachoshambuliwa kwanza ni ini. Mgonjwa huweza kutibiwa jicho, akapona jicho, kisha miaka kadhaa baadaye akaangamizwa na mbegu ya ugonjwa iliyokwisha kuhama mapema. Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende hawakukosea.

Weusi wa namna nyingi

Tatizo la kwanza ni kwamba si kila kitu cheusi ndani ya jicho ni cha ukoo mmoja. Kuna mabaka bapa ambayo mtu huzaliwa nayo, yenye kingo zilizo wazi, na ambayo kwa kawaida hayana madhara. Kuna makovu yaliyoachwa na maambukizi ya zamani, ambayo hukusanya rangi pembezoni. Wakati mwingine hata damu iliyovuja chini ya retina huonekana kama uvimbe mweusi.

Kuna pia uvimbe uitwao melanositoma, ambao huwa mweusi ti na hupenda kukaa pale neva ya kuona inapoingilia jichoni. Tofauti na melanoma, huu huwapata watu weusi kwa kiwango kisichoweza kupuuzwa, na ni mara chache sana unapogeuka kuwa saratani. Kabla ya Lorenz Zimmerman na Levon Garron kuueleza kwa kina mwaka wa 1962, macho kadhaa yaliondolewa kwa kudhaniwa kwamba yana melanoma.

Funzo la historia hiyo lina uzito hadi leo. Daktari anayekosa kuitambua saratani humponza mgonjwa, na yule anayeiona saratani mahali isipokuwapo huweza kumpotezea mtu jicho zima. Weusi wa baka peke yake, basi, si ushahidi wa kutosha kwa hukumu yoyote.

Kupima bila kukata

Katika saratani nyingi, kama vile ya matiti au ya shingo ya kizazi, daktari hukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabarani. Ndani ya jicho njia hiyo si rahisi. Kuchoma sindano katika baka dogo lililo nyuma ya retina kwaweza kuharibu uwezo wa kuona, na kipande kinachopatikana huweza kuwa kidogo kiasi cha kupotosha. Ndiyo maana katika mabaka madogo wataalamu hutegemea zaidi macho yao, picha na vipimo.

Kundi la watafiti wa Hospitali ya Macho ya Wills, mjini Philadelphia, Marekani, likiongozwa na Carol Shields, limeifanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Mwaka wa 2019 lilichapisha matokeo ya kufuatilia mabaka 2,355 na kutaja dalili sita za kuangaliwa. Ya kwanza ni unene unaozidi milimita mbili. Ya pili ni majimaji yaliyojikusanya chini ya retina. Ya tatu ni kupungua kwa uwezo wa kuona. Ya nne ni vumbi la rangi ya chungwa juu ya baka. Ya tano ni baka kuonekana kama lenye uwazi ndani linapopimwa kwa mashine ya ultrasaundi, na ya sita ni upana unaozidi milimita tano.

Umuhimu wa orodha hiyo uko katika hesabu yake. Baka lisilo na dalili hata moja lilikuwa na uwezekano wa asilimia moja tu wa kukua na kuwa melanoma katika muda wa miaka mitano. Likiwa na dalili moja, uwezekano ulipanda hadi asilimia 11. Zikiwa mbili, asilimia 22. Tatu, asilimia 34. Zilipofika nne, uwezekano ulivuka nusu.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Wagonjwa hao walikuwa wametumwa katika hospitali ya mabingwa, na wengi wao walikuwa wazungu. Haziwezi kuhamishwa zilivyo hadi Kisumu au Garissa. Jambo linalohamishika ni mantiki yake, kwamba hatari hupimwa kwa kujumlisha dalili kadhaa wala haiamuliwi na dalili moja.

Mantiki hiyo ndiyo iliyomwongoza Bertil Damato, mtaalamu aliyehudumu kwa miaka mingi jijini Liverpool, Uingereza, kubuni mfumo mwepesi zaidi uitwao MOLES. Mfumo huo unamtaka mpimaji ajibu maswali matano. Je, uvimbe una umbo la uyoga? Una rangi ya chungwa? Ni mkubwa kiasi gani? Je, umekua? Una majimaji chini ya retina? Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi mbili.

Jumla ikiwa sifuri, baka huhesabiwa kuwa la kawaida na hutosha kupigwa picha mara kwa mara na mpimaji macho wa mtaani. Alama moja au mbili humpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa wa macho bila haraka kubwa. Zikifika tatu au zaidi, inachukuliwa kuwa huenda ni melanoma, na mgonjwa hupelekwa upesi kwa mtaalamu wa saratani za macho.

Uzuri wa mfumo wa aina hii ni kwamba haumtaki mpimaji wa mtaani awe bingwa. Unamtaka ajue mipaka ya anachoweza kuamua, na ajue ni lini amkabidhi mwenzake mgonjwa.

Jibu liko katika picha ya pili

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba swali moja kati ya yale matano halijibiwi kwa kutazama jicho leo. Je, baka limekua? Hilo haliwezi kujulikana pasipo picha ya zamani ya kulinganisha nayo.

Kina mama wa Kenya wanaielewa kanuni hii kuliko wengi. Kila mwezi hubeba kijitabu cha kliniki ili mtoto apimwe uzani na alama itiwe kwenye chati. Uzani wa siku moja hausemi mengi, lakini ule mstari unaopanda au kushuka mwezi baada ya mwezi ndio unaomshtua muuguzi au kumridhisha. Baka la jichoni nalo linahitaji mstari wake.

Je, twaweza kulifuatilia jicho la Mkenya kwa miaka? Ushahidi uliopo unatupa moyo na pia unatuonya. Katika utafiti wa magonjwa ya macho uliofanywa Nakuru mwaka wa 2007 na 2008, watu zaidi ya 4,000 wa umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa, na retina zao zikapigwa picha. Watafiti waliporejea miaka sita hivi baadaye, mwaka wa 2013 na 2014, walifanikiwa kuwapima tena takriban nusu yao. Wengine walikuwa wamefariki na wengine wamehama. Huo ulikuwa utafiti wenye fedha na wafanyakazi wa kuwatafuta watu nyumbani. Kliniki ya kawaida, isiyo hata na simu ya kumkumbusha mgonjwa, itapata wangapi?

Kwa upande mwingine, Dkt Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha mwaka wa 2016 matokeo ya utafiti kuhusu saratani ya utando wa nje wa jicho. Wagonjwa 98 katika vituo vinne nchini walifanyiwa upasuaji, kisha nusu yao wakapewa matone ya dawa ya fluorouracil na nusu matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja saratani ilikuwa imerejea kwa asilimia 11 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 36 ya wenzao.

Dawa ilisifiwa, na ilistahili. Lakini kuna tarakimu nyingine katika utafiti huo inayofaa kusifiwa pia: wagonjwa 94 kati ya 98 walifuatiliwa hadi mwisho. Ni kweli kwamba mwaka mmoja si sawa na miaka sita. Hata hivyo, tarakimu hiyo inaonyesha kwamba mgonjwa wa Kenya hurudi akiwa na tarehe, akijua sababu ya kurudi, na pakiwa na mtu wa kumfuatilia.

Mbona ugonjwa adimu?

Wapo watakaouliza mbona tujishughulishe na ugonjwa unaowapata watu wachache hivi, ilhali wazee wetu wanapofuka kwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao upasuaji mfupi huutibu. Watauliza pia kuhusu watoto wenye retinoblastoma, saratani ya jicho ambayo nchini Kenya imekadiriwa kumpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 17,000 wanaozaliwa, na ambayo hujitokeza kwa mng'aro mweupe ndani ya mboni. Swali hilo ni la haki.

Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza mpango mpya wa kuwapima Wakenya wote mabaka. Mpango kama huo ungekuwa ubadhirifu na ungezua hofu pasipo faida. Hoja ni kwamba picha hizi tayari zinapigwa kwa sababu nyinginezo, na mabaka tayari yanaonekana. Tukishaliona baka, tumekwisha kuingia katika wajibu wa kulieleza.

Zaidi ya hayo, rekodi inayomfaa mwenye baka ndiyo hiyo hiyo inayomfaa mwenye kisukari na mwenye glakoma. Hao pia hali yao hujulikana kwa kulinganisha picha ya mwaka jana na ya mwaka huu. Atakayejenga utaratibu wa kuhifadhi picha kwa ajili ya wengi atakuwa amewahudumia wale wachache bila gharama kubwa ya ziada.

Kuna sababu nyingine ya kuthamini mapema. Uvimbe ukigunduliwa kabla haujawa mkubwa, si lazima jicho liondolewe. Utafiti mkubwa uliowahusisha wagonjwa 1,317 wa Marekani na Kanada wenye melanoma ya ukubwa wa wastani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2001, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa kisahani chenye mionzi kilichoshonwa nyuma ya jicho waliishi muda sawa na walioondolewa jicho.

Ugonjwa ukishafika kwenye ini, mambo hubadilika. Mwezi Januari 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tebentafusp, ya kwanza kuthibitishwa kurefusha maisha ya wagonjwa walio katika hali hiyo. Katika majaribio yake, asilimia 73 ya walioipata walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 59 ya waliopewa matibabu mengine. Lakini dawa hiyo hufanya kazi tu kwa watu wenye aina fulani ya kinasaba, ambayo takriban nusu ya wazungu wanayo na ambayo ni haba zaidi miongoni mwa Waafrika. Tiba ya kisasa kabisa, kwa hivyo, hata ingeletwa Nairobi kesho, isingewafaa wengi wetu. Kinga yetu bado ni kugundua mapema.

Sheria ipo, kazi ingalipo

Mwezi Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, miongoni mwake ikiwa Sheria ya Afya Dijitali inayoweka msingi wa kuhifadhi na kubadilishana taarifa za wagonjwa. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa Hazina ya Bima ya NHIF. Mjadala wa umma tangu hapo umetawaliwa na makato ya mishahara na madai ya hospitali. Ni machache yaliyosemwa kuhusu kile ambacho mfumo wa kidijitali ungeweza kumfanyia mgonjwa wa kawaida, yaani kumtunzia kumbukumbu zake anapohama kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Kumbukumbu za wagonjwa wengi bado zimo katika daftari la shule lililonunuliwa kioski kando ya lango la hospitali. Daftari hilo haliwezi kubeba picha ya retina. Nayo picha iliyopigwa mara nyingi hubaki katika kompyuta ya kliniki moja, na siku kompyuta hiyo ikiharibika, miaka ya ushahidi hupotea nayo.

Tumekwisha kuonywa kuhusu kununua mitambo bila kujenga utaratibu. Chini ya mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza mwaka wa 2015, baadhi ya hospitali za kaunti zilipokea mitambo iliyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu au umeme wa kutosha, na suala hilo likafika mbele ya kamati ya Seneti. Kamera za macho zisifuate nyayo hizo.

Yanayohitajika si mambo makubwa. Kwanza, Wizara ya Afya pamoja na vyama vya madaktari na wapimaji wa macho waafikiane kuhusu mwongozo mmoja wa alama, ili mpimaji wa Lodwar na yule wa Mombasa watumie kipimo kimoja. Pili, kila picha ya jicho ihifadhiwe katika mfumo wa kitaifa, na mgonjwa apewe nakala yake. Tatu, ijulikane wazi ni hospitali gani ya rufaa inayowapokea wenye alama za hatari, na kwamba picha inaweza kutumwa kwa bingwa kabla mgonjwa mwenyewe hajalipa nauli.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Anayeambiwa ana baka aulize maswali manne: Lina unene na upana gani? Lina dalili ngapi za hatari? Nirudi lini? Naweza kupewa picha? Hata simu ya mkononi yaweza kuihifadhi. Akianza kuona mimweko ya mwanga, kivuli kinachofunika sehemu ya jicho, au vitu vilivyonyooka vikionekana kupinda, asingoje tarehe ya kliniki.

Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa kila mkulima anajua kuwa si kila wingu hunyesha. Mkulima mwenye busara halikimbii wingu wala halipi kisogo, bali hulitazama linakoelekea. Wenye mabaka jichoni wanastahili mfumo wa afya unaotazama vivyo hivyo, na ambao mwakani utakuwa ungali unakumbuka ulichokiona mwaka huu.